Kusoma Ramani za Pwani ya Malindi na Kilifi: Maneno, Mistari na Miamba

Makusudio ya makala haya ni kuchunguza jinsi ramani za pwani ya Malindi na Kilifi zilivyotungwa tangu karne ya 12 hadi karne ya 20, na kuonyesha kwamba kuzisoma ni kazi ya mwanalugha kama ilivyo kazi ya mwanajiografia. Shuleni mwanafunzi hufundishwa kwamba ramani ni picha ya nchi kama ionekanavyo kutoka juu. Ufafanuzi huo una upungufu. Kabla ya kuwapo kwa eropleni hakuna mtu aliyepata kuiona pwani hii yote kwa mara moja, na hata hivyo ramani zake zilikuwapo. Nyingi zilianza masikioni mwa wachoraji kabla ya kufika machoni mwao. Baharia alisema, mchukuzi alisema, mzee wa kaya alisema, na mgeni mwenye kalamu akaandika kadiri alivyosikia. Kwa hiyo anayeikunjua ramani ya sehemu hizi yampasa kuuliza maswali yale yale tunayoyauliza mbele ya hati ya kale: nani alisema, kwa lugha gani, nani alisikia, na nani hakuulizwa. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana kuna watu katika pwani hii waliopoteza mashamba yao kwa mistari ambayo hawakuiona ikichorwa.

Ramani ya mabaharia

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Ramani latokana na rahmani ya mabaharia wa Kiarabu, nalo ni neno lililotoholewa kutoka Kiajemi, rahnama, yaani kitabu cha njia. Rahmani haikuwa picha hata kidogo. Ilikuwa maandishi: nyota ipi iangaliwe, iwe vidole vingapi juu ya upeo wa macho, ni zamu ngapi za safari baina ya bandari moja na nyingine, wapi pana mwamba na wapi pana mlango wa kuingilia. Kidole, ambacho Waarabu walikiita isba, kilikuwa kipimo cha latitudo. Zamu ilikuwa mwendo wa saa tatu baharini. Mtu wa leo aingiaye zamu kiwandani au hospitalini angali anatumia kipimo cha manahodha pasipo kujua. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyekitunga kitabu chake kikuu cha elimu ya bahari yapata mwaka 1490, aliziandika njia za bahari kwa nathari na kwa mashairi, kwa kuwa mashairi huhifadhika kichwani hata karatasi zikirowa maji. Basi katika Kiswahili neno ramani lilibeba kwanza usemi, ndipo baadaye likabeba mchoro.

Michoro nayo ilikuwapo, ila iliwekwa kwa namna ambayo macho yetu hayakuizoea. Al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake mwaka 1154 huko Sicily kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili, aliiweka kusini juu ya ukurasa. Msomaji wa leo aitazamapo ramani hiyo kwanza huona kila kitu kimepinduka, na pengine huhukumu kwamba mchoraji hakujua. Alijua. Kuiweka kaskazini juu ni desturi tu, kama vile kuandika kutoka kushoto kwenda kulia. Al-Idrisi aliitaja Malindi na kusema kwamba watu wake walikuwa na machimbo ya chuma. Wataalamu wameshindana iwapo Malindi yake ndiyo hii yetu au ni mji mwingine wa kaskazini zaidi, na hoja za pande zote mbili zina nguvu. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba katika kitabu hicho jina la mji na mali iliyomo ardhini vimewekwa pamoja. Hiyo ni mbegu ya ramani ya mada maalumu, yaani ile isiyotuambia tu mahali palipo mji bali pia mji huo una nini.

Kisa mashuhuri zaidi cha kusoma ramani katika Malindi ni cha Aprili 1498, Vasco da Gama alipopewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Imesemwa mara nyingi kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Dai hilo lilitokana na mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, na uchunguzi wa karne ya 20 umelikataa. Maandishi ya Wareno yanaonyesha kwamba yaelekea mtu huyo alikuwa Mwislamu wa Gujarati. João de Barros, ambaye kitabu chake cha kwanza juu ya safari hizo kilichapishwa mwaka 1552, anamwita Malemo Caná. Mwanalugha hana haja ya kwenda mbali: malemo ni maalimu, mwalimu, cheo cha mwenye elimu ya kuongoza chombo. Barros asema kwamba mwalimu huyo alimwonyesha da Gama ramani ya pwani yote ya India iliyopangwa kwa mistari ya latitudo na longitudo iliyokatana na kufanya miraba midogo midogo. Barros hakupata kuiona Malindi, naye aliandika zaidi ya miaka 50 baada ya tukio. Basi tusiyachukue maneno yake kama ushahidi wa aliyekuwapo. Hata hivyo, ikiwa habari hiyo ni sahihi, mtandao wa miraba ambao mwanafunzi wa Malindi hufundishwa leo kana kwamba ni uvumbuzi wa Ulaya uliwahi kukunjuliwa katika bandari yake mwenyewe, na mgeni ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Miaka minne baadaye, katika ramani kubwa ya mwaka 1502 ambayo Alberto Cantino aliipeleka Italia kwa siri kutoka Ureno, Malindi ilikuwa imekwisha kuwekwa mahali pake. Ramani za Wareno zilizofuata ziliijaza pwani majina: Malindi, Kilifi, Mombasa. Majina hayo husimama kwenye ukingo wa bahari kama nguo zilizoanikwa kambani, na nyuma yake pametupu. Utupu huo una mafunzo kuliko majina. Gedi, mji wenye jumba la mfalme, msikiti wa Ijumaa na kuta mbili, ulikuwa hai wakati Wareno walipokuwa wakikaa Malindi, yapata kilometa 16 tu kutoka hapo. Wala hawakuutaja kwa jina tulijualo. Mji huo haukuwa ufuoni. Ulikuwa ndani kidogo, mbali na macho ya aliye melini. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, alitoa chini ya miti vyombo vya Uchina na shanga ambazo hazikuonyeshwa na ramani yoyote. Mtu anayedhani kwamba pasipoandikwa kitu katika ramani hapana kitu, na aende Gedi.

Ramani iliyochorwa Rabai

Kutoka kwa Wareno naruka hadi karne ya 19, nikipita upesi juu ya kazi ya Kapteni Owen na meli zake, Leven na Barracouta, ambazo baina ya 1822 na 1826 zilipima vina na miamba ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa bado ramani ya mtu wa melini. Ramani inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ilitungwa na watu waliokaa juu ya vilima vya Rabai, ambavyo leo vimo katika Kaunti ya Kilifi.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846. Wakaanzisha kituo chao Rabai. Walikuwa wanalugha kwanza, na wachoraji ramani kwa sababu ya lugha. Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliona weupe kileleni na kumwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Akajibiwa kwa neno moja: baridi. Hakujibiwa theluji, maana kiongozi hakuwa na haja ya jina la kitu ambacho kwake kilijulikana kwa jinsi kilivyouuma mwili. Rebmann alilielewa neno hilo. Huko London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliikana habari hiyo kwa miaka mingi kwa kuwa haikupatana na ramani yake. Hapo twaona ushindani wa aina mbili za wasomaji: mmoja asomaye nchi kwa neno la mwenyeji, na mwingine asomaye maneno ya wenyeji kwa karatasi aliyokwisha kuichora.

Mwaka 1849 alikuja Jakob Erhardt, ambaye baadaye alikaa kwa miezi kadhaa Tanga. Yeye na Rebmann waliwasikiliza watu wa misafara waliotoka bara. Walitambua jambo la ajabu: msafiri aliyeondokea Mombasa, aliyeondokea Tanga na aliyeondokea Kilwa, wote walisema kwamba mwisho wa safari yao walifika kwenye maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo. Wakakata shauri kwamba maji hayo ni mamoja. Ramani yao ilipotolewa Ulaya mwaka 1855 na 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na kombe, likiitwa Bahari ya Unyamwezi. Wataalamu wa London walicheka. Lakini hawakuweza kuipuuza: Burton na Speke walimtembelea Rebmann mwanzoni mwa 1857 kabla ya kwenda bara, na mwaka 1858 wakaliona ziwa Tanganyika, kisha Speke peke yake akaliona ziwa Nyanza.

Kosa la ramani hiyo halikuwa la wasemaji. Kila msafiri alisema kweli: aliyekwenda kwa njia ya Kilwa alifika Nyasa, aliyekwenda kwa njia ya kati alifika Tanganyika, na wengine walisikia habari za Nyanza. Nyasa na nyanza ni maneno ya kawaida katika lugha za huko kwa maji mengi au ziwa. Yalipofika Rabai kupitia vinywa vya Waswahili, yalipata mfasiri mmoja, bahari, na bahari kwa desturi ni moja. Kosa lilizaliwa katika tafsiri, nalo lilitokea pale wasikilizaji walipolifanya jina la aina kuwa jina la kitu kimoja mahususi. Sidhani kama kuna mfano bora kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi wa lugha kwa nini elimu ya maana inamhusu mpima ardhi.

Mstari wa maili kumi

Ramani ya Rabai ilikosea lakini haikumnyang'anya mtu shamba. Ile iliyofuata haikukosea vipimo, nayo ilinyang'anya. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani, baada ya wajumbe wao pamoja na mjumbe wa Ufaransa kupita pwani, zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar barani ilikuwa ukanda wa maili kumi za baharini, yaani yapata kilometa 18 na nusu, kutoka Kipini kaskazini hadi ghuba ya Tungi kusini. Mwaka 1895 sehemu yake iliyo Kenya ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwaka 1920 bara ikaitwa Koloni na ukanda huo ukabaki Himaya, hadi mapatano ya Oktoba 1963 yalipouunganisha na Kenya.

Msomaji auchunguze mstari huo katika ramani yoyote ya zamani ya Kilifi. Haufuati mto, wala kilima, wala mpaka wa miamba, wala mpaka wa kabila. Unainakili pwani tu, pinda kwa pinda, kana kwamba bahari imepiga muhuri wake barani. Mstari wa namna hiyo hauwezi kutambulika kwa mtu aliyesimama juu yake. Mkulima wa Kigiriama au wa Kichonyi alilima huku na huku bila kuona alama yoyote, lakini sheria ya upande mmoja haikuwa sheria ya upande wa pili. Mwaka 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi iliyowataka watu wa ukanda wathibitishe madai yao. Wenye kujua hati, vipimo na mahakama walidai. Wamijikenda wengi, ambao umilikaji wao ulikuwa wa ukoo na ulithibitishwa kwa makaburi, miti iliyopandwa na ushahidi wa wazee, hawakuandikwa. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Neno maskwota, ambalo limekuwa la kila siku katika Kilifi na Malindi, lina mizizi yake katika ofisi hiyo ya hati, ingawa latajwa kana kwamba watu hao walikuja jana.

Mto nao uligeuzwa kuwa mstari. Serikali iliazimia kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini ya Sabaki na kuwaweka kusini yake, ili kazi ya vibarua katika mashamba ya wageni ipate watu. Upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuchochea tangu 1913 uliishia katika vita vya 1914, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa. Ofisini Sabaki ilionekana mpaka mzuri, maana mto huonekana wazi katika ramani. Kwa Mgiriama mto si mpaka. Ni mahali ambapo shamba la mafuriko huanza pande zote mbili. Miaka michache baadaye Serikali yenyewe iliona kwamba nchi tupu ya kaskazini haikufaa kitu, na watu wakaruhusiwa kurudi.

Karatasi za sura ya nchi

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja kazi kubwa ya kupiga picha kutoka angani, na Idara ya Upimaji ya Kenya pamoja na idara ya upimaji ya makoloni iliyoundwa London mwaka 1946 zikatoa karatasi za kipimio cha 1:50,000. Katika karatasi hizo sentimita 2 ni kilometa 1, na kila mraba wa mtandao ni kilometa moja kwa moja. Kontua ni mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Zikikaribiana, pana mteremko mkali; zikiachana, nchi ni tambarare. Hayo yamo katika vitabu vyote vya shule. Kisichosemwa sana ni kile ambacho kontua haziwezi kukionyesha. Nafasi baina ya kontua ikiwa mita 20, tuta la mchanga la mita 15 laweza kupotea kabisa katika ramani. Katika nchi ya milima hasara hiyo ni ndogo. Katika uwanda wa Watamu na Mida, ambako tuta kama hilo ndilo linaloamua nyumba ipi itaingiliwa na maji na ipi itanusurika, hasara ni kubwa. Ramani moja ina ukimya tofauti katika nchi tofauti.

Kwa upande mwingine, hori la Kilifi husomeka vizuri mno. Kontua hubanana kando zake mbili, kisha bluu ya maji hupenya ndani kama mkono wenye vidole. Hilo ni bonde la mto lililozama: bahari ilipokuwa chini, mto ulilichimba, bahari ilipopanda, ililijaza. Kati ya mito inayoingia humo mmoja ni Ndzovuni. Hapa msomaji wa Kiswahili atulie kidogo. Ndzovu katika lugha za Wamijikenda ni ndovu, na Ndzovuni ni penye ndovu. Vivyo hivyo Matsangoni latokana na mtsanga, ambao ndio mchanga wetu, na Dzitsoni latokana na dzitso, yaani jicho. Mwenye kujua kwamba ts yao mara nyingi hulingana na ch yetu anasoma katika karatasi hiyo habari za wanyama, udongo na sura ya mahali ambazo mchoraji hakuweka alama yake katika ufunguo. Wachoraji waliyanukuu majina hayo bila kuyaelewa, na kwa bahati njema hawakuyasahihisha yote.

Mto mkubwa wa sehemu hizi unaitwa Athi katika nyanda za juu, Galana baada ya kukutana na Tsavo, na Sabaki unapoikaribia Malindi. Galana ni neno la Kioromo, lugha ambayo kwayo lina maana ya maji makubwa. Mwanafunzi hudhani ni mito mitatu, au hukasirishwa na vurugu ya majina. Si vurugu. Mahali jina linapobadilika ndipo jamii moja ya wasemaji ilipopakana na nyingine, na ramani ya sura ya nchi imehifadhi, bila kukusudia, ramani ya lugha.

Tarehe ya karatasi pia ni sehemu ya maandishi yake. Karatasi iliyopimwa kabla ya 1991 huonyesha kivuko cha feri baina ya Kilifi na Mnarani. Baada ya mwaka huo pana daraja. Nimewaona wanafunzi wakiliruka pembe lile la chini lenye mwaka wa picha za angani, kama watu wanaosoma barua bila kutazama iliandikwa lini.

Miamba yenye majina ya vijiji

Ramani za miamba za pwani hii ni chache nazo ni nzuri. P. V. Caswell alitoa ile ya Kilifi na Mazeras mwaka 1956. Mwaka huo huo A. O. Thompson alitoa ya Malindi, na L. A. J. Williams aliendelea kaskazini, Hadu na Fundi Isa, mwaka 1962. Katika ramani hizo rangi si mapambo, na hazielezi rangi ya ardhi. Kila rangi ni umri. Nao umri huo umepewa majina ya vijiji: mawe ya mchanga ya Mazeras na ya Mariakani, tabaka za Maji ya Chumvi, chokaa ya Kambe, mchanga wa Magarini, tabaka za Baratumu. Wanajiolojia wana desturi ya kulipa tabaka jina la mahali lilipoelezwa kwanza. Hivyo majina yaliyotolewa na wafugaji, wakulima na wapita njia yamekuwa majina ya zama, na mtaalamu asiyejua Kiswahili hulazimika kutamka Maji ya Chumvi anapozungumzia udongo uliotuama zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Aanzaye safari ufuoni Kilifi na kuelekea magharibi hurudi nyuma katika wakati. Kwanza hukanyaga tumbawe, ambalo lilikuwa hai katika bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita na ambalo wajenzi wa miji ya Waswahili walilikata kwa nyumba na misikiti yao. Kisha huja mchanga wa nyuma ya tumbawe, kisha matuta mekundu ya Magarini, yenye umri usiozidi miaka milioni 5 au karibu yake. Hayo ndiyo yaliyoporomoka Marafa na kufanya korongo ambalo wenyeji huliita Nyari. Zaidi ya hapo pana mawe laini ya tope la bahari ya kale, na chokaa ya Kambe ya yapata miaka milioni 170, iliyosimama kama minara huko Cha Simba na Mwarakaya. Mwishowe huja mawe ya mchanga ya Mazeras, ambayo wajenzi wa Nairobi huyatandaza barazani na kuyaita mazeras, jina la kijiji likiwa limekuwa jina la bidhaa. Mistari ya mipaka ya tabaka hizi huenda sambamba na bahari. Kwa hiyo kanda za pwani hii zipo kweli, ila haziendi kwa maili kumi.

Ushahidi ulio bora umo katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilometa za mraba 420 hivi. Mwenye ramani ya uoto na ramani ya miamba azitandaze pamoja. Palipo mchanga mweupe pamesimama mirihi. Palipo udongo mwekundu wa Magarini pana kichaka kizito cha miti ya jamii ya Sinometra. Upande wa mashariki pana msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Hata bundi mdogo wa Sokoke, aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1966, hukaa hasa katika kichaka cha udongo mwekundu. Ndege huyo anaifuata ramani ya Thompson kwa uaminifu kuliko Serikali yoyote iliyopata kuitawala Malindi.

Magarini na maji

Ramani za mada maalumu zilistawi baada ya Uhuru. Toleo la tatu la Atlasi ya Taifa lilitoka 1970, na mwaka 1983 Jaetzold na Schmidt walitoa, katika kitabu chao kwa ajili ya washauri wa kilimo, ramani za kanda za mazao za pwani. Kanda hizo zimepewa majina yanayoeleweka mara moja: kanda ya minazi na mihogo karibu na bahari, kanda ya mikorosho na mihogo nyuma yake, kisha kanda ya mifugo na mtama au ulezi, na mwishowe malisho matupu. Mvua huzidi milimita 1,000 kwa mwaka karibu na bahari na hupungua upesi kadiri mtu aingiavyo bara. Lakini msomaji asisahau kwamba mstari wa mvua hautoki angani. Umekadiriwa baina ya vituo vichache vya kupimia, na nyuma ya matuta ya Magarini vituo huwa mbalimbali. Mstari mwembamba wa wino huficha mashaka ambayo mpimaji mwenyewe aliyajua.

Hilo lilionekana katika mpango wa makazi wa Magarini, kaskazini ya Sabaki, katika nchi ile ile waliyofukuzwa Wagiriama mwaka 1914. Mpango ulianza miaka ya 1970 mwishoni kwa msaada wa Australia, nao ulikusudiwa kuwapa maskwota mashamba yaliyopimwa na kuwekewa hati. Kwenye karatasi ulikuwa na sura ya kupendeza: mashamba ya pembe nne, barabara zilizonyooka, mazao yaliyogawiwa kanda zake, na dhana kwamba maji ya chini yangepatikana kwa kuchimba. Miti ilikatwa, mchanga mwekundu ukaachwa wazi kwa mvua, na visima vilivyochimbwa vilitoa maji haba au ya chumvi. Mkulima wa Kigiriama hakuwa na desturi ya kukaa juu ya tuta la Magarini mwaka mzima na shamba moja. Alilima, akahama, akaacha ardhi ipumzike, na akayajua maji yalipo kwa majina ya mahali. Katika pembe nne zile hapakuwa na nafasi ya kuyaandika maarifa hayo.

Maji mengi yaliyo baridi yalipatikana kwingine: Baricho, ukingoni mwa Sabaki, ndani ya mchanga ambao mto wenyewe uliuacha katika mkondo wake wa kale. Katika ramani ya miamba mchanga wa namna hiyo huchorwa kwa rangi hafifu, na mwanafunzi huupita haraka kwa kuwa ni mchanga wa jana tu, usio na umri wa kujivunia. Visima vya Baricho ndivyo vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa.